Vipande vya kompyuta: niagize nje (Dubai, Marekani, China) au ninunue maduka ya mtandaoni ya hapa Dar?

Mchanga_wa_Kigamboni

Wakuu, habari za jioni.

Nataka kuunga kompyuta ya mezani kwa ajili ya kuhariri video kwenye DaVinci Resolve, pamoja na kazi kidogo za Blender (programu ya picha za 3D). Orodha niliyofikia ni hii: prosesa Ryzen 5 7600, madabodi ya B650, RAM ya DDR5 GB 32 (mbili za 16), GPU (kadi ya picha) ya RTX 3060 yenye GB 12, SSD ya NVMe ya TB 1, pawa saplai ya wati 650, kasha la ATX na monita ya inchi 27. Baadaye nitaongeza diski kubwa ya kuhifadhi video ghafi.

Njia ninazoziona ni nne. Kwanza, maduka ya hapa yanayouza mtandaoni, ambayo mengi yanaendeshwa kwa Instagram na WhatsApp. Pili, dada yangu anakwenda Dubai mwezi ujao kufuata bidhaa zake na amekubali kunibebea. Tatu, kununua Marekani na kutumia kampuni ya kupokea na kusafirisha mizigo. Nne, AliExpress.

Nikitazama tovuti, bei za nje zinaonekana chini sana, vingine hadi theluthi. Ninachotaka kujua ni kama tofauti hiyo inabaki baada ya nauli na kodi, ni vipi vya kununua hapa na vipi vya kuagiza, kipande kikifa nani anabeba mzigo wa kukirudisha, na feki zinatambuliwaje kabla pesa haijapotea. Tafadhali wenye ujuzi waniwekee hesabu.

---

Bisibisi

Mkuu, usilinganishe bei ya tovuti na bei ya duka. Linganisha bei ya kitu kikiwa tayari mezani kwako, halafu jiulize kikifa wiki ya pili kitarudi kwa njia gani. Ukipima kila kipande kwa maswali hayo mawili, orodha yako itajigawa yenyewe.

Pawa saplai, kasha na monita nunua hapa, bila kusita. Kampuni za kusafirisha kwa ndege hazikutozi uzito wa mizani peke yake. Zinachukua urefu mara upana mara kimo kwa sentimita, zinagawa kwa 5000, na uzito utakaokuwa mkubwa kati ya huo na wa mizani ndio unaolipia. Boksi la kasha la sentimita 50 × 50 × 25 linatoa kilo 12.5 za kulipia hata kama mizani inasema 7. Boksi la monita ya inchi 27 la 70 × 48 × 20 linatoa kilo 13.4. Boksi la GPU la 40 × 25 × 12 ni kilo 2.4 tu, na prosesa na RAM hazifiki hata kilo moja. Kwa hiyo kinachofaa kusafiri ni kitu kidogo chenye thamani kubwa.

Pawa saplai ina sababu ya pili. Kwa umeme wetu wa kukatika na kurudi kwa nguvu, hicho ndicho kipande kinachopigwa kwanza, na unataka kiwe kimetoka kwenye duka unaloweza kulifikia kwa daladala. Ukiwa dukani geuza boksi usome jedwali la volti, usisome namba kubwa ya mbele. Pawa saplai ya wati 650 ya kweli itaandikwa ampia 54 hivi kwenye +12V, maana 12 × 54 ni wati 648. Ukikuta boksi limeandikwa 650 mbele lakini +12V ina ampia 28, hiyo ni wati 336, na prosesa na GPU zote zinakula kutoka hapo. Alama ya 80 PLUS inapima umeme kiasi gani unapotea kama joto. Haisemi chochote kuhusu kinga dhidi ya volti kuzidi au waya kugusana, kwa hiyo hakikisha OVP (kinga ya volti kuzidi), OCP (ya ampia kuzidi) na SCP (ya waya kugusana) zimeandikwa.

Ukiletewa pawa saplai kutoka Marekani, itazame nyuma kabla ya kuchomeka. Iliyoandikwa 100–240V haina neno, badilisha waya tu upate wa pini tatu za mraba. Zile za bei ya chini zenye swichi nyekundu ya 115/230 ndizo hatari. Swichi ikiwa kwenye 115, sakiti ya ndani inaongeza volti maradufu, hivyo ukiipa 230 kapasita zinapasuka mara moja.

Sasa maduka ya mtandaoni ya hapa. Uelewe kwamba mengi hayana stoo. Unalipa kianzio, wao wanaagiza Dubai, unasubiri. Hapo umenunua nje bila haki za mnunuzi wa nje, na bado umelipia faida ya mtu wa kati. Kabla ya kutuma pesa omba picha ya boksi lenyewe, namba ya serio ionekane, na pembeni pawe na karatasi yenye jina lako na tarehe ya leo. Anayesema "mzigo uko stoo nyingine" kila unapoomba picha, hana mzigo. Waranti iwe ya muda gani, iandikwe kwenye risiti ya EFD pamoja na namba ya serio. Ahadi ya kwenye WhatsApp inakufa akaunti ikibadilisha jina.

Faida kubwa ya kununua hapa ni kupima kabla ya kuondoka. Ryzen 5 7600 ina picha ya ndani, huhitaji GPU kuijaribu. Weka prosesa, RAM moja kwenye nafasi ya pili kutoka kwenye prosesa (A2), waya wa pini 24 na ule wa pini 8 wa prosesa, HDMI kwenye madabodi, washa. Subiri. Bodi za AM5 (aina ya sokete inayopokea Ryzen hii) zikiwashwa mara ya kwanza hukaa gizani dakika kadhaa zikijipatanisha na RAM. Bodi nzima nyingi zinarudishwa dukani kama mbovu kwa sababu mtu amezima baada ya sekunde thelathini.

Kitu kimoja zaidi kwa bodi iliyokaa sana kwenye rafu: sasisha BIOS (programu ya ndani ya bodi inayowasha kompyuta) kabla ya kuwasha EXPO (mpangilio wa kupandisha kasi ya RAM). BIOS za mwanzo za AM5, kabla ya katikati ya 2023, ziliruhusu volti ya SoC (sehemu ya prosesa inayohudumia RAM) kupanda kupita kiasi na prosesa chache ziliungua. AMD waliweka kikomo cha volti 1.3 kupitia BIOS mpya. Pakua faili kutoka tovuti ya mtengenezaji wa bodi, weka kwenye flashi iliyofomatiwa FAT32, na kama bodi ina kitufe cha BIOS Flashback unaweza kuisasisha hata bila prosesa.

---

Wakala_wa_Kurasini

Niweke upande wa forodha, maana hapa ndipo hesabu za watu huvunjika.

Kompyuta na sehemu zake ziko chini ya vifungu 8471 na 8473.30 vya Ushuru wa Pamoja wa Afrika Mashariki, na ushuru wa forodha hapo ni asilimia 0. Watu wakisikia sifuri wanadhani hawalipi kitu. VAT ya asilimia 18 ipo palepale, na haitozwi kwenye bei ya bidhaa peke yake. Inatozwa kwenye bei pamoja na nauli na bima. Juu yake kuna tozo ndogondogo za forodha na reli, halafu malipo ya wakala au ya kampuni ya usafirishaji kwa kukutolea mzigo.

Nachukua namba za mfano tu, zisichukuliwe kama bei za leo. GPU dola 300, nauli na bima dola 35. VAT ni 18% ya 335, yaani dola 60.30. Malipo ya kutoa mzigo tuseme 20. Umefika 415.30 kabla ya tozo ndogo, na benki yako bado haijakata chake kwenye ubadilishaji wa dola. Kama duka la hapa linauza kwa kiasi kinacholingana na dola 440, unaacha waranti ya jirani kwa ajili ya dola ishirini na kidogo. Haina faida.

Sasa angalia kinachotokea ukikusanya. Prosesa 200, RAM 110, SSD 80, GPU 300, jumla 690. Vikija pamoja kwa nauli ya 60, VAT ni 135, kutoa mzigo 20, jumla 905. Vikija kimoja kimoja kwa nauli za 30, 30, 30 na 35, VAT inakuwa 146.70 na malipo ya kutoa mzigo yanakuwa mara nne, 80. Jumla 1,041.70. Umepoteza dola 136.70 kwa kuagiza vipande vilevile kwa siku tofauti. Anayeagiza SSD peke yake kwa usafiri wa haraka hupata hasara karibu kila mara.

Ankara ndiyo inayoamua mzigo wako utalala siku ngapi. Iwe na jina kamili la kila kipande, bei ya kila kimoja, sarafu, na jina lako kama lilivyo kwenye TIN au kitambulisho. Ambatanisha uthibitisho wa malipo. Muuzaji akiandika tu "bidhaa za michezo ya video" kwa sababu GPU inauzwa kwa wacheza gemu, mzigo unaweza kusukumwa kifungu cha 9504, ambacho ni cha mashine za gemu na hakina sifuri. Mwambie aandike kadi ya picha ya kompyuta, sehemu ya kompyuta.

Usimwombe muuzaji apunguze bei kwenye ankara. Ni kosa kisheria. Afisa ana haki ya kuikataa thamani hiyo na kukukadiria upya, na mzigo ukipotea njiani bima inalipa kile kilichoandikwa. Kadi ya dola 300 iliyoandikwa 60 inalipwa 60.

---

Mchanga_wa_Kigamboni

Ahsanteni sana, hesabu ya kukusanya imenifungua macho. Nimesikia pia kwamba msafiri ana msamaha wa kodi kwa bidhaa za hadi thamani fulani. Dada akibeba prosesa, RAM, SSD na GPU kwenye begi lake, si anapita tu?

---

Wakala_wa_Kurasini

Msamaha upo kwenye sheria ya forodha ya Afrika Mashariki: bidhaa zisizozidi thamani iliyowekwa, kwa msafiri aliyekuwa nje zaidi ya saa 24. Lakini soma masharti. Mali iwe ya msafiri mwenyewe, iwe ndani ya mizigo anayosafiri nayo, na iwe ya matumizi yake binafsi au ya nyumbani kwake. Vipande ulivyomtuma wewe havimo. Na dada yako anakwenda kufuata bidhaa za biashara, kwa hiyo begi lake litafunguliwa tu.

Afanye hivi: vipande vyako viwe na ankara yake peke yake, tofauti na bidhaa zake. Akifika JNIA (uwanja wa ndege wa Dar) asisubiri kuulizwa, aende meza ya kutamka, atoe ankara. Atakadiriwa hapohapo na kulipa kwa namba ya malipo. Hakuna nauli ya kampuni wala malipo ya wakala, kwa hiyo hata baada ya VAT hii bado ndiyo njia nafuu kuliko zote nne. Ankara moja ikichanganya simu za kuuza na prosesa yako, afisa atahesabu vyote kama mzigo wa biashara na hapo hana la kujitetea.

---

Mswahili_Bur_Dubai

Kwa upande wa Dubai, mwambie dada aende mtaa wa Khalid bin Al Waleed, Bur Dubai. Al Ain Centre na maduka yanayoizunguka ndiko vipande vinakouzwa kwa wingi. Asiishie duka la kwanza. Achukue bei tatu kwa maandishi kwanza, kila moja ikiwa na namba kamili ya modeli. "RTX 3060" peke yake haitoshi, maana kuna ya GB 12 na kuna ya GB 8 ambayo njia yake ya kumbukumbu ni biti 128 badala ya 192. Kwa kazi ya video hiyo ndogo itakukwamisha.

Aulize kila mara kama bei ina VAT ndani. Huko ni asilimia 5 na wauzaji wengi wa mtaa ule hutaja bei bila VAT. Aulize pia kama kulipa kwa kadi kunaongeza kitu, kwa kawaida wanaongeza asilimia mbili au tatu.

VAT hiyo mgeni anaweza kurudishiwa kwa utaratibu wa Planet (kampuni inayorudishia wageni VAT), ikiwa duka limejiunga nao. Manunuzi yawe angalau dirham 250, aonyeshe pasipoti wakati wa kulipa, si baadaye, na ahakikishe duka limemsajilia risiti ya kurudishiwa. Ana siku 90 za kutoka na bidhaa. Uwanjani aende kwenye kioski cha Planet kabla ya kukabidhi mabegi, kwa sababu wanaweza kutaka kuona bidhaa. Akishakabidhi begi, hana cha kuwaonyesha. Anarudishiwa sehemu kubwa ya VAT, si yote, na wanakata pia ada ndogo kwa kila risiti. Mfano: risiti ya dirham 1,050 ina VAT ya 50, na atakachopata ni chini ya hapo. Dirham imefungwa kwenye dola kwa 3.6725, kwa hiyo hata hiyo 50 nzima ni kama dola 13.60. Kwa risiti ndogo ndogo makato yanakula sehemu kubwa, bora anunue vyote duka moja kwa risiti moja.

Prosesa: Ryzen 5 7600 ya boksi la AMD ina feni ya Wraith Stealth ndani na waranti ya miaka mitatu ya AMD wenyewe. Duka likimwonyesha prosesa kwenye kifuko cha plastiki bila feni kwa bei ya chini, hiyo ni ya trei. Inafanya kazi sawasawa, ila waranti yake ni ya muuzaji, na muuzaji yuko Dubai. Utahitaji pia kununua kipoza. Tofauti ya bei ikiwa ndogo, achukue ya boksi.

Ukibadili mawazo ukaenda Intel, jihadhari na Core za kizazi cha 13 na 14 zilizotumika, hasa i5-13600K kwenda juu, i7 na i9. Zilikuwa na tatizo la volti lililoziharibu polepole. Intel walitoa marekebisho ya programu ya ndani ya prosesa, 0x129 Agosti 2024 na 0x12B mwezi uliofuata, na kuongeza waranti ya za boksi kwa miaka miwili hadi mitano. Marekebisho yanazuia uharibifu mpya, hayaponyi prosesa iliyokwisha kuharibika. Kwa hiyo i7 ya mtumba iliyoendeshwa mwaka mzima bila BIOS mpya isinunuliwe kwa bei yoyote.

Ufungaji: GPU na madabodi begi la mkononi, kila kimoja kwenye boksi lake. Kwenye AM5 pini ziko kwenye sokete ya bodi, 1718, nyembamba kama nywele. Apige picha ya sokete dukani, kwa mwanga mzuri, kisha kifuniko cha plastiki kirudi mahali pake kabla ya boksi kufungwa. Pini iliyopinda kwa kawaida haina waranti, na bila picha huwezi kusema ilipinda kwa nani. Asikubali duka limfungie prosesa na kipoza kwenye bodi "ili iwe tayari". Kipoza kizito kikitikisika kwenye ndege kinang'oa au kupasua bodi.

---

Chujio

Naongezea AliExpress na mitumba, kwa sababu RTX 3060 ni moja ya kadi zinazochezewa sana.

Kuna kadi zinazouzwa kama 3060 "M". Hizo ni chipu za laptop zilizobandikwa kwenye bodi ya mezani. Utaijua kwa GPU-Z, programu inayosoma sifa za kadi: 3060 ya mezani ya GB 12 ina viini vya CUDA 3584, ya laptop ina 3840. Namba kubwa zaidi isikufurahishe, kwa sababu draiva za kawaida za NVIDIA haziitambui kadi hiyo, unabaki kutegemea draiva zilizochezewa na watu usiowajua, na Resolve ikitaka draiva mpya umekwama. Upande wa AMD, "RX 580 2048SP" ni RX 570 kwa jina jingine, RX 580 halisi ina viini 2304. P106-100 ni kadi ya kuchimba sarafu za kidijitali, haina hata tundu la kuchomeka monita. Na zile GTX 1050 Ti za bei ya kutupa mara nyingi ni GTX 550 Ti ya 2011 iliyoandikwa BIOS ya uongo. GPU-Z kuanzia toleo la 2.12 inaandika FAKE mbele ya jina la kadi za aina hiyo.

RAM: kuna DDR4 za bei ya chini zilizoandikwa kwa herufi ndogo kwamba ni za bodi za AMD tu. Kwenye Intel haziwaki. Na RAM za seva zenye rejista, RDIMM, za DDR4 zinaingia kabisa kwenye nafasi ya bodi ya kawaida lakini kompyuta haiwaki. Za DDR5 afadhali, mkato wao uko pengine, haziingii.

SSD: TB 1 halisi inaonekana kwenye Windows kama 931, hiyo si wizi. Wizi ni ile inayoonyesha 931 huku ndani ina GB 120. Jaza yote kwa programu ya kupima ya h2testw, au f3write na f3read kwenye Linux. Diski feki itaandika vizuri hadi mwisho wa uwezo wake wa kweli, kisha itaanza kufuta ilichoandika mwanzo, na wakati wa kusoma makosa yatafurika. Kwa kasi ya MB 500 kwa sekunde, kuandika TB 1 ni kama dakika 33, na kusoma kadiri hiyohiyo. Fanya hivyo siku uliyopokea.

Nasema siku hiyohiyo kwa sababu AliExpress inakupa siku 15 baada ya kupokea kufungua malalamiko. Rekodi video moja isiyokatwa: lebo ya mzigo, kufungua, namba ya serio, kuwasha, GPU-Z. Muuzaji atakuandikia pembeni akuombe ufunge malalamiko kwanza, eti arudishe pesa kesho. Ukifunga, unaweza kushindwa kuyafungua tena. Akikubali kurudisha kwa sharti kwamba uirudishe China kwa nauli yako, kataa na uombe sehemu ya pesa bila kurudisha, kwa sababu nauli ya kwenda inaweza kupita thamani ya kipande.

Ryzen PRO za bei nzuri, ziangalie mara mbili. Nyingi zimetolewa kwenye kompyuta za ofisi, na zilizokaa kwenye mashine za Lenovo huweza kuwa zimefungwa kwa PSB, kufuli la usalama linaloifunga prosesa kwa bodi za kampuni moja. Prosesa ya namna hiyo haiwaki kwenye bodi ya kampuni nyingine, na kufuli hilo halifunguki.

Kuhusu diski uliyosema utaongeza: mwanzoni mwa 2025 iligundulika kwamba diski za Seagate zilizotumika sana kwenye vituo vya data zimefutwa kumbukumbu za SMART (zinazoonyesha saa za kazi na hali ya diski) na wauzaji wa kati na kuuzwa kama mpya, hata kwenye maduka ya Ulaya. Zilizokuwa zinaonyesha saa sifuri zilikuwa na saa 15,000 hadi 50,000. Kumbukumbu ya pili iitwayo FARM haikufutwa. Ukiwa na smartmontools 7.5, andika smartctl -l farm ukifuatisha jina la diski, kisha linganisha saa hizo na za smartctl -a. Zikitofautiana sana, rudisha. Kwa hiyo diski nayo ni ya kununua mahali unapoweza kurudi kwa miguu.

---

Kijana_wa_Luthuli

Ndugu, salamu kutoka Nairobi. Kuhusu Marekani, ukilazimika kupita huko, chagua kampuni ya kupokea mizigo yenye anwani Delaware au Oregon. Majimbo hayo hayatozi kodi ya mauzo. Anwani ya jimbo jingine inaweza kukuongezea asilimia kadhaa kabla mzigo haujatoka dukani. Uzito wao ni pauni, kilo moja ni pauni 2.2, usichanganye unapolinganisha nauli. Baadhi ya maduka hukataa kadi ya benki ya nje ikiambatana na anwani ya huko, yanafuta oda na pesa zako zinakaa siku kadhaa kabla ya kurudi.

Tatizo kubwa ni muda. Duka likikupa siku 30 za kurudisha, zinahesabiwa tangu mzigo ufike ghala la Delaware. Ukisubiri kukusanya oda tatu kisha ndege kisha forodha, zimekwisha kabla hujafungua boksi. Kampuni nyingine hukubali kufungua na kukupigia picha kwa malipo kidogo, lipia hiyo. Angalau vioo vilivyovunjika na modeli zilizokosewa zitajulikana zikiwa bado huko.

Kwa wasomaji wa Kenya, badilisha hesabu ya Wakala hivi: VAT 16%, ada ya IDF (fomu ya kutamka bidhaa za kuagiza) 2.5% na tozo ya reli 2% ya thamani ya forodha. Mantiki ni ileile, kusanya mizigo. Jumia na Kilimall zina wauzaji wengi tofauti ndani yake, kwa hiyo soma jina la muuzaji, usisome jina la tovuti. Waranti ni ya yule muuzaji.

---

Mchanga_wa_Kigamboni

Nimeelewa. Pawa saplai, kasha, monita na diski kubwa hapa. Prosesa ya boksi, GPU na SSD dada atachukua Bur Dubai kwa ankara moja. Nimebaki na madabodi na RAM. Na kama baadaye nikitaka GB 64, si naweza kuongeza mbili nyingine za 16?

---

Bisibisi

Madabodi nunua hapa ukipata ya B650 iliyoko stoo kweli, kwa sababu ya zile pini. Kama tofauti ni kubwa, dada ailete kwa masharti ya picha aliyoyasema Mswahili.

RAM ailete, ni nyepesi na ni nadra kufa. Iwe seti ya mbili kwenye boksi moja, yenye EXPO imeandikwa, 6000 ikiwezekana. Mbili zilizonunuliwa moja moja, hata zikiwa na jina moja, zinaweza kuwa na chipu tofauti na kukataa kasi hiyo.

Kuhusu kuongeza mbili baadaye: zitaingia, lakini kwa Ryzen 7000 zikikaa nne kasi rasmi inashuka hadi 3600. Blender na Resolve zitahisi. Kama unaona GB 64 itahitajika ndani ya mwaka, mwambie dada achukue seti ya mbili za 32 sasa hivi, na hesabu ya VAT uifanye upya kabla hajasafiri ili awe na pesa taslimu ya kutosha mezani JNIA.